Mhadhara wa Mfalaki wa Kujitawaza

Waheshimiwa, na nyie mliosogea karibu na birika la chai,

Nimekuja kuwafumbua macho. Nasikia humu ndani kuna watu wazima, wengine na familia zao, wanaopiga nebula kwa kamera ya rangi. Astaghfirullah!

Kihisi cha kamera hakijui rangi. Kinahesabu mwanga tu. Ndipo Bryce Bayer wa Kodak akabuni filta ndogo ndogo juu ya pikseli, akapewa hataza mwaka 1976: nusu kijani, robo nyekundu, robo buluu. Kijani kimezidi kwa kuwa jicho la binadamu hukiona vizuri zaidi. Sasa nebula ina undugu gani na jicho lako? Haidrojeni yake huwaka kwenye nanomita 656, wekundu mtupu. Pikseli tatu katika kila nne zinabaki zimekaa tu, kama wanakamati wa harusi ukifika wakati wa kuchanga.

Mimi natumia kamera isiyo na rangi. Pikseli zote kazini! Mbele yake naweka gurudumu la filta: nyekundu, kijani, buluu, kisha za haidrojeni, oksijeni na salfa. Hata ile picha ya nebula ya mwaka 1995 iitwayo Nguzo za Uumbaji, darubini ya Hubble iliipiga bila rangi, filta moja baada ya nyingine. Baadaye salfa ikapewa nyekundu, haidrojeni kijani, oksijeni buluu. Kwa hiyo mimi na Hubble ni chama kimoja, ila mwenzangu anakaa juu ya mawingu.

Tukigusa mawingu, wapo mahasidi wanaouliza mbona Nebula ya Orion yangu ni nyekundu tupu tangu Januari. Nyekundu nimemaliza! Nilipozungusha gurudumu kwenda kijani, wingu likaja, likahamia kabisa. Kijani kinakuja. Buluu iko njiani.

Eti nyotamkia haingoji mtu abadilishe filta. Eti Mshtarii hujizungusha kwa saa zisizofika 10, ukichelewa madoa yake yanahama na rangi hazikutani. Hayo ni matatizo ya nyotamkia na Mshtarii, wayamalize wenyewe.

Bei ya gurudumu na filta tutaijadili siku ambayo mke wangu hayupo.

Maswali? Wewe binti, uliyeikamilisha Orion usiku mmoja kwa kamera ya rangi, shusha mkono. Na hiyo picha irudishe kwenye mkoba. Nimeomba maswali, sikuomba vielelezo.