Mwongozo wa Kuchora Herufi za Kugawa Bure

Kwanza hakikisha ugali wako una mlango mwingine wa kuingilia, maana fonti huria hailipi kodi ya nyumba. Kisha achana na A. Wageni wengi wa kazi hii huanzia hapo, wakafika G wamechoka na mistari imebadilika unene njiani. Wazoefu huanza na n na o. Ukiipata miguu ya n, umepata h, m, u na nusu ya r. Ukiupata mviringo wa o, basi b, d na p zina pa kuanzia.

Hiyo o usiipime kwa rula. Iache ivuke kidogo kimo cha n na izame kidogo chini ya mstari inaposimama. Ukiilinganisha sawasawa na jirani zake, jicho litaiona fupi, na hakuna hesabu itakayolibadilisha jicho mawazo. Programu isikuumize kichwa: FontForge, aliyoianzisha George Williams, ni huria na haina malipo.

Sasa kaa kitako, kwa sababu kazi yenyewe ni nafasi kati ya herufi. Hapa ndipo watu huzeekea. Andika Tanzania, utazame a ilivyoachwa mbali na T, kama mgeni aliyesahauliwa barazani. Isogeze iingie chini ya mkono wa T. Andika Wakati. Andika Yanga, hata kama wewe ni wa Simba. Jozi za Ta, Wa na Ya zimejaa kwenye Kiswahili kuliko anavyoweza kukisia mchoraji aliyekaa Berlin: fikiria tu Wamakonde, Wakamba, Wapemba na Wazaramo katika ukurasa mmoja wa historia. Ongeza kw na mw, zinazorudi karibu kila sentensi. Mchoraji huyo anahitaji mtu wa Tanga wa kumwambia hayo, na ndiyo maana faili zake ziko wazi. Usisahau ritifaa. Ukiipa nafasi pana mno, ng'ombe anakatwa vipande kabla hajafika buchani.

Ukifika kwenye leseni, usijitungie yako usiku wa manane. Victor Gaultney na Nicolas Spalinger wa shirika la SIL waliandika leseni ya OFL mwaka 2005, na toleo la 1.1 likatoka 2007. Mtu yeyote anaruhusiwa kuitumia fonti yako kwenye kitabu anachokiuza, kuifungua ndani, kuibadilisha na kuisambaza. Asichoruhusiwa ni kuiuza yenyewe peke yake, wala kuibadilisha kisha aifungie kwa leseni nyingine. Ukitaka, hifadhi jina: atakayeibadilisha atalipatia toleo lake jina lake, na msomaji hatalaumu fonti yako kwa s ambayo hukuichora.

Ukishaiweka hadharani, tandika mkeka, wageni wanakuja. Wa kwanza yuko Kiambu, anaomba ĩ na ũ za Kikuyu. Wa pili yuko Kampala, anataka ŋ ya Kiganda, na amekasirikia Ŋ yako kubwa. Umeichora kama N yenye mkia, wanavyoipenda Wasami wa kaskazini mwa Ulaya, ilhali wengi Afrika wameizoea kama ŋ ndogo iliyokuzwa. Usibishane naye. Chora zote mbili, kama zilivyo katika Gentium, fonti ya Gaultney huyohuyo. Mfanyabiashara wa fonti huhesabu wanunuzi kabla ya kuchora, na kwa hesabu hiyo Kikuyu na Kiganda husubiri foleni ndefu. Fonti huria inahitaji mtu mmoja tu anayekereka vya kutosha. Kampuni ya Bitstream ilipoiachia fonti yake Vera mwaka 2003, ililenga zaidi lugha za Ulaya Magharibi. Štěpán Roh akaichukua, wengine wakamfuata, na DejaVu ikazaliwa ikiwa na herufi ambazo Vera haikuwahi kuziota. Kwangu mimi hiyo ndiyo sababu tosha ya kazi yote hii.

Ukiona bado una nguvu, nenda kwenye hati ya Kiarabu. Huko herufi moja hubadilika umbo ikiwa mwanzoni, katikati au mwishoni, na nukta na irabu hazitakiwi kugongana. Khaled Hosny wa Misri aliufufua mwandiko wa kiwanda cha chapa cha Bulaq, Kairo, akauita Amiri na kuutoa kwa OFL. Mswahili ana hisa huko: tenzi za kale za Lamu na Mombasa ziliandikwa kwa hati hiyo, na anayetaka kuzichapa upya anahitaji p, ch na v, ambazo alfabeti ya Kiarabu yenyewe haina. Hakikisha zimo, na uzijaribu zikiwa na irabu juu na chini.

Kabla ya kutoa toleo jipya, jaza faili la FONTLOG: nani ameongeza nini, na lini. Aliyesogeza ritifaa tu naye aandikwe, jina kamili, kama anavyoliandika mwenyewe. Jina hilo likiwa na herufi ambayo fonti yako haina, kazi ya toleo lijalo umeshaipata.