Mlango wa Kijani

Mtoto wa shule akionekana Katwe, mtaa wetu wa mafundi hapa Kampala, katikati ya wiki, sare safi, daftari kwapani, anaruka mitaro ya maji meusi, mafundi huulizana jambo moja tu: huyu amepotea au ana mradi? Siku hizi ni nadra awe amepotea.

Mambo yalibadilika Februari 2020, mtaala mpya wa sekondari ya chini ulipoanza Uganda. Kukariri hatua za kutengeneza oksijeni hakutoshi tena. Mtoto anatakiwa abuni kitu, akitengeneze, kisha asimame akieleze. Wale waliouanza hawakumaliza hata muhula mmoja. Machi korona ikafunga shule, na hazikufunguliwa kwa watoto wote mpaka Januari 2022. Wakaufikia mtihani wao wa kidato cha nne, UCE, mwaka 2024, na katika kila alama 100, alama 20 zinatokana na kazi walizofanya shuleni. Mzazi wa Kampala akisikia alama 20 hakai chini. Huteremka Katwe.

Maana Katwe haijui kusema haiwezekani. Pelekea fundi picha ya mashine ya kusaga mahindi, ya kukaanga bisi au ya kutotolea vifaranga. Ataigeuza simu huku na huku, kisha atakuuliza unataka ya umeme au ya mkono. Walio mbali wanatujua kwa sababu ya sataranji, tangu ile filamu ya 2016 iliyomhusu mchezaji wetu Phiona Mutesi. Nawaheshimu wanaocheza, lakini sisi wauza spea tuna mchezo wetu: kumshawishi mteja aliyesafiri kutoka Juba kwamba shokomzoba hii ilitoka Japani yenyewe, wala haikupitia kwa kijana mwenye brashi na rangi nyeusi pale nyuma.

Binti wa kaka yangu, anayeniita Senga, yaani shangazi, anakaa kwangu muhula mzima, yuko kidato cha pili. Jioni moja akaniambia, “Senga, mradi wangu ni makaa ya maganda ya matoke.” Nikafurahi. Maganda Kampala hayana uhaba, na makaa ya kawaida bei yake inatia uchungu. Sayansi yenyewe haina mambo mengi: unakausha maganda, unayachoma ndani ya pipa lenye hewa kidogo ili yawe makaa badala ya majivu, unayasaga, unachanganya na uji wa muhogo yashikane, unayashindilia, unaanika.

Yeyote aliyeandika “unaanika” hajawahi kuishi Katwe. Maganda ya kwanza yaliliwa na mbuzi wa jirani, ambaye kwa haki yake aliona ni chakula chake kimeletwa karibu. Mjini hapa maganda hununuliwa kwa ajili ya mifugo. Ya pili yakafika kwenye pipa salama, lakini binti akawa na hamu ya kujua yanaendeleaje. Kila dakika anafunua kifuniko, hewa inaingia, moto unashika. Tukapata majivu mazuri sana ya kusugulia sufuria. Ya tatu yakawa makaa kweli, yakasagwa, yakafinyangwa, yakaanikwa juu ya bati, na usiku huo ikanyesha ile mvua ya Katwe ambayo haitoki mbinguni tu, inapanda pia kutoka kwenye mtaro. Asubuhi tulikuta uji mweusi umeteremka ukutani hadi kwenye ndoo ya maji ya mpangaji.

Hapo nikampeleka kwa fundi wa mlango wa kijani.

Banda lake lina mlango wa bati uliopakwa kijani, na juu yake, kwa herufi nyeupe kubwa, onyo kwamba atakayekojoa hapo atalipa faini ya shilingi 50,000. Nilimwamkia, nikamweleza tunahitaji kifaa cha kushindilia makaa. Hakuuliza vipimo. Aliuliza, “Nyabo, ya kidato cha kwanza au cha tatu?”

“Kuna tofauti gani, Mzee?”

“Ya cha tatu ina rangi.”

Tukachukua ya cha pili: vipande vya bomba, fremu ya chuma chakavu na jeki ya gari chini yake. Binti aliruhusiwa kukaza nati moja, ili asiseme uongo mbele ya darasa.

Kumbe kifaa kilikuwa sehemu nyepesi. Shule ilikuwa imeamua kila mwanafunzi awe na jalada la kidijitali: picha za kila hatua, video fupi anayoeleza kazi yake, kisha anatuma kiungo ili wenzake na wazazi wote wa darasa waone. Wazo zuri. Aliyelitoa hakai karibu na wachomeaji vyuma. Binti akisema “kaboni”, grainda inalia. Akirudia, nyundo zinaanza. Tukingoja wapumzike, anapita mwenye kipaza sauti anayeuza dawa ya panya. Muuza chapati akaingia kwenye picha kushauri binti atabasamu. Mwishowe fundi mwenyewe, ambaye hajavaa sare tangu akiwa mdogo, akashindwa kuvumilia, akasogea akaeleza kwa nini pipa halitaki hewa. Alieleza vizuri kuliko kitabu. Tukamkata.

Video tuliipakia usiku, mtandao ukiwa mwepesi, kwa bando langu. Serikali inakata asilimia 12 kwenye bando tangu Julai 2021, kwa hiyo nahesabu kwamba na hazina ya taifa ilichangia mradi ule kwa kuupunguza.

Kiungo cha darasa zima kilipofika nikakaa na chai yangu kutazama watoto wa watu. Wa kwanza, mashine ya kutotolea vifaranga. Nyuma yake mlango wa kijani. Wa pili, mashine ya kukata majani ya ng’ombe. Mlango wa kijani. Wa tatu, jiko la kubania makaa, mvulana anaeleza kwa Kiingereza kilichonyooka jinsi alivyolibuni peke yake chumbani kwao, na juu ya kichwa chake, kwa herufi nyeupe, tunaonywa tusikojoe.

Hakuna mzazi aliyesema neno. Ningesema nini? Kila mmoja aliujua mlango ule, na kila mmoja alijua kwamba mwenzake anaujua. Tukaandikiana “Hongera sana” na “Vipaji vya taifa” mpaka usiku wa manane. Mmoja tu hakuwa na mlango: kijana aliyechuja maji kwa chupa ya plastiki, kokoto, mchanga na mkaa, chupa imepinda, maji yanadondoka mezani kwa mama yake. Maji yalitoka meupe, niliyaona. Chini yake mwalimu aliandika: “Ongeza ubunifu.”

Kesho yake binti akanijia na simu imebanwa sikioni. “Senga, sikiliza hapa.” Kwenye video yake, nyuma ya maneno “hivyo basi nahitimisha”, kijana wa fundi anasikika akiita wazi kabisa, “Mzee, mwalimu amekuja kuchukua ile ya mfano!” Na fundi anajibu, “Mwambie ya rangi anaongeza!”

Darasa zima lilikuwa limeshasikia. Mwalimu naye, maana alama za binti zilitoka kabla ya za wote, nazo zilikuwa za juu kiasi cha kutia haya, pamoja na ombi la adabu: sauti ya nyuma iondolewe.

Nilipita kwa fundi kumweleza masaibu yake yalivyosambaa, nikidhani atashtuka. Aliomba aone. Akatazama video zote, moja baada ya nyingine, akizikuza kwa vidole vyeusi vya grisi, akikosoa kulehemu kwake mwenyewe. Kisha akaniuliza wazazi wanalalamikia nini hasa, kifaa au mlango.

“Mlango, Mzee.”

Wiki iliyofuata nilikuta kamba imefungwa toka nguzo hadi nguzo, na shuka jeupe limening’inia mbele ya banda. Mvulana mwenye daftari alikuwa amesimama pale akipangusa jasho, mama yake anapiga bei.

“Mashine ni ile ile,” fundi alikuwa akimwambia. “Mbele ya mlango ni bure. Mbele ya shuka ni elfu tano, na vijana wangu wananyamaza.”