Kobalti na Usingizi wa Pono: Mwongozo kwa Mkurugenzi Mpya

Mheshimiwa Mkurugenzi, hongera kwa uteuzi. Kampuni yako inatengeneza simu, au magari ya umeme, ilimradi betri imo. Betri inataka kobalti, na yapata asilimia 70 ya kobalti inayochimbwa duniani inatoka Kongo, kwenye mikoa ya Lualaba na Haut-Katanga. Sehemu yake inachimbwa kwa sururu na mitaimbo, na watoto wamo. Usiingiwe na hofu. Maadili ya biashara ni suala la umbali, na umbali unapangika.

La kwanza, usinunue kwa mchimbaji. Nunua kwa aliyenunua kwa aliyenunua. Pale Kapata, Kolwezi, mama anaosha mawe Ziwa Malo, maji yakimfika magotini. Mawe yanatiwa kwenye viroba, viroba vinafika kwa wanunuzi. Mnunuzi anaelekeza kimashine kwenye kiroba, anasoma asilimia, anataja bei. Mwenye kiroba hana kimashine, basi hana hoja. Kisha mawe ya mashimoni yanachanganywa na ya migodi mikubwa, yanachakatwa kwanza hukohuko Kongo, yanapakiwa kwenye malori (mengine tunayaona Tunduma, yamejipanga foleni kuelekea bandari ya Dar es Salaam), yanavuka bahari kwenda kusafishwa China, yanakuwa unga, unga unakuwa betri. Kila anayepokea anatoa risiti mpya. Ikikufikia wewe, kobalti haina kwao.

Sasa andika sera. Iseme kwamba kampuni haivumilii hata chembe ya ajira ya watoto, na pembeni weka picha ya mtoto anayecheka, ameshika daftari. Mkaguzi mtafute, lakini apelekwe kiwandani, si shimoni. Kiwandani kuna kiyoyozi na majalada yaliyopangwa vizuri. Sheria nayo imekurahisishia. Marekani ilipotunga mwaka 2010 sheria ya madini yanayochochea vita Kongo, ilitaja bati, tantalamu, tangisteni na dhahabu. Kobalti haikutajwa. Kwa hiyo unaweza kutamka, bila kusema uongo, kwamba unatimiza sheria hiyo kwa ukamilifu.

Itatokea siku mtu afuate viroba. Januari 2016 watetezi wa haki wa Amnesty International na Afrewatch walivifuata, wakaandika habari za watoto, wengine wa miaka saba, waliokuwa wakilipwa faranga 1,000 hadi 2,000 kwa siku, yaani dola moja au mbili, kwa kazi iliyochukua hata muda wa saa 12. Siku hiyo shtuka. Shtuka kwa taarifa rasmi, uahidi uchunguzi.

Bodi ikizidi kubana, tangaza kwamba humgusi tena mchimbaji mdogo yeyote. Hapa ndipo penye ufundi, usiparuke. Mchimbaji hataacha kuchimba kwa sababu wewe umetangaza. Nyumbani kwake sufuria inasubiri na ada ya shule haijalipwa. Wanunuzi wakipungua, bei inashuka. Atauza kwa anayebaki, kwa hasara, pengine atamchukua na mwanawe ili viroba viongezeke. Mawe yaleyale yataingia kwenye mchanganyiko uleule na kukurudia yakiwa na cheti. Umeonekana mwema, umepata kobalti yako, na gharama yote imebebwa na yule aliyekuwa shimoni. Sijui biashara nyingine inayouza wema kwa bei nafuu hivyo.

Kitu kimoja tu usikiguse: bei ya kiroba. Atatokea mpuuzi mmoja mkutanoni atakayeuliza kwa nini mchimbaji asiwe na kipimo chake mwenyewe, shimo lisitiwe nguzo, na mzazi asilipwe kiasi cha kumwacha mtoto darasani. Mshukuru kwa mchango wake, mwende kwenye chai.

Darasa moja jengeni, lipakeni rangi za kampuni. Kibao kiwe kikubwa kuliko ubao wa kuandikia.

Mahakama isikunyime usingizi. Desemba 2019 familia za Kikongo zilifungua kesi Washington dhidi ya Apple, Alphabet, Dell, Microsoft na Tesla, kwa ajili ya watoto waliokufa au kulemaa migodini. Machi 2024 mahakama ya rufaa ilikubali kesi itupwe: kununua kobalti kupitia mlolongo wa wauzaji duniani hakutoshi kukufanya mshirika wa waliowatumikisha. Umbali wako, Mheshimiwa, sasa una muhuri.

Wa kuangalia ni Wazungu wa Brussels. Mwaka 2023 Umoja wa Ulaya ulipitisha kanuni ya betri, na humo kobalti imetajwa kwa jina: kampuni zichunguze inakotoka na madhara yake. Wajibu huo ulikuwa uanze Agosti 2025. Ilipokaribia, wakausogeza hadi Agosti 2027. Weka alama kwenye kalenda, na mwambie katibu muhtasi aanze kuandaa barua ya kuomba muda zaidi.