Datsun yangu na breki za mwenzake

Datsun yangu 1200 ina uzito wa kilo 700 hivi. Kwa hesabu ya mizani hayo ni magunia saba ya viazi. Kwa hesabu ya madalali wa Uyole, ambao kwao gunia halijajaa mpaka livikwe kilemba, ni lumbesa tano tu. Ikinasa kwenye tope la Machi, vijana wawili na mama mmoja mwenye haraka zake wanaitoa. Nayasema haya mapema ili ujue ni gari la namna gani nililolifungia breki za kusimamishia meli.

Chanzo ni vitunguu. Naishi Mbeya, nimeoa Iringa, na kila tukienda ukweni mke wangu hukumbuka kwamba vitunguu vya Ruaha Mbuyuni ni vizuri kuliko vya sokoni kwetu. Kufika Ruaha Mbuyuni lazima ushuke Kitonga. Unayeijua Kitonga huhitaji kuelezwa: upande mmoja ukuta wa mlima, upande wa pili korongo, mbele yako lori linalotambaa, na pembeni nyani wanaokutazama kama ndugu wa marehemu.

Safari ile, nusu ya mteremko, nikasikia harufu ya kitu kinachoungua. Nikakanyaga breki, pedali ikazama kama nakanyaga ugali wa moto. Nikapachika gia ya pili kwa nguvu, injini ikapiga yowe, tukasimama hatua chache nyuma ya tela. Mke wangu akameza mate, kisha akauliza swali moja.

“Baba Watoto, ulikuwa unashuka na gia ya ngapi?”

“Ya nne.”

Kwake kesi ilikwisha pale. Kwangu ndiyo kwanza ilifunguliwa.

Niliporudi Mbeya nikaenda gereji moja isiyo na kibao. Fundi akaniletea kalipa mbili za rangi ya dhahabu, zenye pistoni nne kila moja, zilizotolewa kwenye Subaru STI, pamoja na diski zake. Gari hilo lina karibu tani moja na nusu na hasira za kutosha. “Bosi,” akasema, “hizi zinasimamisha hata mawazo.” Nikatoa laki sita kabla hajamaliza sentensi.

Nyumbani nikajitetea kwa historia. Nikamwambia mke wangu kwamba Datsun si gari la kudharau: mwaka 1970 Edgar Herrmann alishinda Safari Rally na Datsun 1600 SSS, na mwaka 1973 Shekhar Mehta akashinda na Datsun 240Z. Breki ni uhai, nikamalizia.

“Na hao nao walikuwa wanashuka milima na gia ya nne?”

Sikumjibu. Mwanaume mwenye kalipa za dhahabu hajibizani.

Matatizo yakaanza na rula. Diski ya Subaru ile ina kipenyo cha milimita 326. Rimu yangu ni inchi 12, yaani milimita 305. Kwa hiyo diski haikuweza kuingia ndani ya rimu. Labda rimu ndiyo ingeingia ndani ya diski. Fundi hakushtuka. Tukanunua rimu za inchi 17. Rimu hizo zina matundu matano, habu ya Datsun ina stadi nne. Tukaenda kwa mchonga vyuma atutengenezee vipande vya kuwapatanisha. Rimu zikaja na matairi mapana, matairi yakasugua madigadi, madigadi yakapelekwa kwa mtu wa nyundo. Ukikata kona usukani ukawa mzito kama kusukuma kabati lenye nguo. Mke wangu ana daftari la matumizi, na mwezi huo ukurasa wa “Gari” ukaupita ukurasa wa “Ada”.

Halafu pedali ikawa inafika sakafuni. Fundi akaeleza kwamba masta silinda yangu ni ndogo, inasukuma oili kidogo, na pistoni zile nane zinataka oili nyingi. Ilikuwa sawa na kujaza sufuria ya msibani kwa kijiko cha chai. Tukafunga masta kubwa. Sasa pedali ikawa ngumu kama jiwe, maana masta kubwa inataka mguu mkubwa, na Datsun yangu haina busta ya kuusaidia. Nikaanza kuendesha huku nimejikaza kama mtu anayepigwa picha ya pasipoti.

Pedi zenyewe zilikuwa za mashindano. Pedi za aina hiyo hazishiki vizuri mpaka zipate moto, na hii ilikuwa Mbeya mwezi wa Julai, ambako chai hupoa kabla haijafika mdomoni. Asubuhi pale Mafiati nilikanyaga kwa miguu miwili, gari likaendelea na safari zake polepole hadi likagusa guta la mkaa. Mwenye guta alizitazama kalipa za dhahabu, akanitazama mimi, akaona aibu kunidai.

Hata hivyo nikaenda nayo Iringa. Siku ya pili tukatoka mjini kuufuata mteremko wa Ipogolo, mama mkwe akiwa kiti cha mbele na kapu lake la mayai mapajani. Kwa kuwa nilikuwa nabonyezabonyeza breki tangu juu, safari hii pedi zilikuwa zimepata moto wake. Bodaboda akakatiza, nikakanyaga.

Matairi ya mbele yakagoma kuzunguka papo hapo. Gari halikugoma. Likaserereka kwenye vumbi moja kwa moja, usukani nikiuzungusha kama pambo, kwa sababu tairi lililofunga halikati kona, hata umwite mkuu wa mkoa. Tukasimama pua ikiwa sentimita chache kutoka kwenye jiko la muuza mahindi ya kuchoma. Vumbi lilipotua, mama mkwe na muuza mahindi wakawa wanatazamana uso kwa uso. Mama akajiweka sawa kilemba.

“Kamwene,” akamsalimia.

Mayai yalipona matatu.

Alinielewesha fundi mmoja wa Iringa, mtu mzima, mfupi wa maneno. Breki, alisema, kazi yake ni kuzuia tairi lisizunguke. Kuzuia gari lisisogee ni kazi ya tairi na lami, na kila tairi linaikanyaga lami kwa eneo la kiganja tu. Kama dramu za zamani ziliweza kulifunga tairi, nguvu iliyozidi hapo haina pa kwenda. Breki kubwa ni pipa la kubebea joto la gari zito linalokimbia na kusimama, kukimbia na kusimama. Lumbesa tano hazina joto hilo, labda mwenye gari ashuke Kitonga na gia ya nne. Nilihisi mke wangu ametabasamu, sikugeuka kuhakikisha.

Fundi akaniuliza oili ya breki nilibadilisha lini. Nikasema haijaisha. Akanieleza kwamba oili hiyo hunyonya unyevu wa hewani mwaka hadi mwaka. Breki zikichemka, maji yale hugeuka mvuke, na mvuke ukiukanyaga unabonyea. Dramu nazo zikipata moto hutanuka na kuzikimbia shu. Ndiyo ule ugali wangu. Dawa yake ilikuwa chupa mbili za oili mpya, kutoa upepo, kurekebisha shu na kushuka na gia ndogo. Hata mwaka 1965, Rhodesia ilipojitangazia uhuru na mafuta ya Zambia yakaanza kupita barabara hii ikiwa bado ya vumbi, mpaka ikaitwa njia ya jehanamu, madereva waliofika salama waliishika injini kwanza, breki baadaye.

“Tatizo,” nikasema kwa unyonge, “breki za zamani nimeziacha Mbeya.”

Mke wangu akafungua buti. Dramu zote, shu na masta vilikuwa humo, vimefungwa kwenye kitenge. Na chini yake, rimu zangu nne za inchi 12.

“Nimezibeba,” akasema, kama mtu aliyebeba mwavuli.

Tulishuka Kitonga na gia ya pili, polepole, bila harufu yoyote. Nyani hata hawakututazama. Macho yao yalikuwa kwa waliokuwa nyuma yetu. Vitunguu tukavipata.

Kalipa nimeziuza wiki iliyopita, pale Mwanjelwa, kwa kijana mwenye Starlet nyepesi kama bati. Nilijitahidi kumwambia ukweli. Nikamweleza habari za rula, za kijiko cha chai, za mayai. Akanisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, macho yakiwa kwenye rangi ya dhahabu.

“Shikamoo mzee,” akasema akihesabu noti, “lakini breki ni uhai.”

Nikazipokea, nikazihesabu mara mbili. Na rimu za inchi 17 nikamwongezea bure, maana najua ataziulizia.