Namna ya Kulinda Mparachichi Wako Nakivale

Marekani kuna mnyama aitwaye biva. Meno yake ni ya rangi ya chungwa kwa sababu yana madini ya chuma, na usiku huguguna mti wa mwenye nyumba mpaka ukaanguka, kisha akaenda nao kujenga bwawa. Wenzetu huko huzungushia mashina waya, au huyapaka rangi iliyochanganywa na mchanga ili meno yapate adabu.

Sisi hapa Nakivale, makazi ya wakimbizi Uganda, tuna mbuzi. Hajengi chochote, haogopi mchana, na ana mwenyewe, ambaye ndiye unayemwazima jembe.

Anza kwa kupanda mche siku ya kugawiwa miche, wageni wakiwapo. Utapigwa picha, utahesabiwa. Mbuzi nao watakuwapo, wamesimama pembeni kwa heshima, wakingoja magari yaondoke. Fomu ya wageni ina nafasi ya miche iliyopandwa. Ya miche iliyoliwa haina.

Sasa uzio. Waya wa kuku unauzwa mjini Mbarara, na ukifika huko mtazame yule ng'ombe wa Ankole wa sanamu, pembe zake hizo. Ndiye ng'ombe pekee wa upande huu asiyejikuna kwenye miti ya watu. Nauli na bei ya waya vikikushinda, na vitakushinda, kata matawi ya miiba uyapange kuuzunguka mche. Mbuzi atarudi nyuma. Tatizo ni kwamba miiba iliyokauka ni kuni safi, na kuni zenyewe siku hizi zinafuatwa mbali. Kila asubuhi uzio utakuwa umepungua kwa kiasi cha sufuria moja ya maharage. Usiulize ni nani. Huenda ni wa nyumbani kwako.

Mwenye subira apande mnyaa. Hauibiwi, na mbuzi anaujua utomvu wake. Waonye watoto tu, maana ukiingia machoni ni safari ya zahanati.

Dawa ninayoiamini mimi haina gharama. Nenda kwa mwenye mbuzi, msalimie vizuri, mwambie, "Mama, naomba samadi kidogo." Atakujazia ndoo na kukusifu kwa bidii ya kilimo. Ikoroge na maji, pakaza shina na majani ya chini. Mbuzi hapendi kula kinachonuka kinyesi chake mwenyewe. Hapa sitanii, dawa hii inasaidia. Mvua ikinyesha unapaka upya.

Mchwa? Mwagia majivu, na uombe.

Kushtaki kuache kuwe njia ya mwisho. Mlalamikaji atasema Kiswahili, mshtakiwa Kinyarwanda, shahidi Kisomali, na wakati mkalimani anatafutwa, ushahidi utakuwa unacheua nyuma ya nyumba.

Kuna jirani atakayekucheka: uzio wa nini, na sisi ni wa kupita? Mwulize alifika mwaka gani. Nakivale inapokea wakimbizi tangu Watutsi walipokimbia Rwanda karibu na mwaka 1960, na wote hao walikuwa wa kupita. Mparachichi wa kupandikizwa unahitaji miaka mitatu au minne tu kuanza kuzaa. Paka samadi leo jioni, ndugu yangu. Mbuzi wanafunguliwa mapema.