Sifa za Sisimizi, Bingwa wa Harusi Nafuu

Sisimizi ni mdudu wa heshima. Ni msafi, ni mnyamavu, na huifikia sukari kabla mwenye nyumba hajaamka. Lakini sifa inayomweka juu ya viumbe wote ni moja: huoana bila kamati.

Katika aina nyingi, malkia wachanga na madume huwa na mabawa. Husubiri mvua ilainishe ardhi, kisha viota vya eneo zima huruka pamoja. Ukumbi ni anga, haulipiwi kianzio. Dume hutokana na yai lisilorutubishwa. Hana baba, basi hakuna mzee wa kudai kiti cha mbele. Akishapanda, hufa, na hotuba ya shukrani huishia hapo. Malkia hujikata mabawa, huchimba shimo na kujifungia, na mbegu za siku hiyo humtosha maisha yote. Malkia mmoja wa Lasius niger, sisimizi mweusi wa Ulaya, alifugwa akaishi zaidi ya miaka 28. Miaka yote hiyo hakuna jirani aliyeletewa kadi yenye kiwango cha chini kimeshachapwa, wala aliyeingizwa katika kundi la simu bila kuulizwa, akakumbushwa alfajiri, akasomwa jina kwamba ahadi yake haijakamilika, na keki yenyewe asiionje! Lakini mada ni sisimizi.

Siafu wana utaratibu mkali zaidi. Malkia wao hana mabawa kabisa. Dume, lile dudu nene linalogonga taa usiku, ndilo husafiri, na siafu wenyeji humnyofoa mabawa kwanza.

Kwa mfugaji wa sisimizi tofauti hizi ni kubwa. Sisimizi wa farao hupandana kiotani, hivyo huzaana ndani ya chupa, ukutani hospitalini na jikoni, hata asipofugwa na mtu. Wale wa kuruka ni vigumu kuwaozesha kifungoni, ndiyo maana wafanyabiashara huwafuata malkia porini. Mwaka 2025 malkia wapatao 5,000, wakiwemo Messor cephalotes, mvunaji mkubwa wa Afrika Mashariki, walikutwa Naivasha wamefungiwa katika mirija yenye pamba. Mwezi Mei mahakama jijini Nairobi iliwatoza washtakiwa wanne wa magendo ya sisimizi shilingi milioni 1 kila mmoja, au kifungo cha miezi 12. Mabibi harusi hawakuchangia hata senti.