Adui Naye Hafi

Jirani, sogea nikwambie. Mwenzio nimefulia. Nimefulia Jumamosi, mchana kweupe, kwa sababu ya mzungu mmoja ambaye kazi yake hapa duniani ni kufa.

Kama hukukulia uswahilini miaka ya tisini hutanielewa. Manzese tulikuwa na kibanda umiza chetu. Mabati juu, magunia madirishani, benchi la kukata nyonga. Unatoa shilingi hamsini, unaingia, jasho linaanza kazi. Mle ndimo nilimosomea. Bolo Yeung nilimjua kabla sijamjua mkuu wa mkoa. Ndani ya Bloodsport, picha la 1988, anatikisa kifua, upande huu, upande ule. Nikaenda nyumbani kutikisa changu. Kikagoma. Commando ya Arnold tuliitazama mpaka mkanda ukabaki chenga tupu, na zile chenga nazo tukazitazama.

Sasa, wenzangu wote walikuwa upande wa stelingi. Mimi nikampenda adui. Tena siyo adui mkubwa, yule mwenye helikopta na meza ndefu. Adui namba mbili. Mwembamba, kovu shavuni, koti la ngozi juani. Kila mkanda anakufa. Huku anatupwa ghorofani, kule anasagwa na treni, kwingine mamba. Na kaka zetu wakubwa walishatufundisha sinema inavyotengenezwa: wanaokufa mle ni wafungwa wa kunyongwa, serikali ya Marekani inawatoa jela wakamalizikie huko. Ukiuliza sasa huyu mbona kila mkanda anakufa upya, unakula kofi. Sikuuliza tena. Nikawa namlilia kila mkanda upya.

Basi siku hizi niko Uingereza, nalea wazee wa watu kwa mshahara. Napita zangu dukani, naona tangazo: kongamano la mashabiki wa sinema za zamani, hoteli moja huko pembeni ya barabara kuu. Na picha za wageni. Kovu lile pale! Nikashika ukuta. Marehemu yuko hai, na anatoa saini.

Nikavaa suti nyeusi. Unakwenda kumwona mtu aliyefufuka, ungevaa nini wewe? Kufika mle ukumbini, kila mtu kituko. Mmoja roboti wa maboksi. Mwingine mabawa. Mtoto kapakwa rangi ya kijani mpaka masikioni. Niliyevaa kama binadamu ni mimi peke yangu, mweusi, suti nyeusi, nimesimama wima mlangoni nashangaa. Mama mmoja akanifungulia begi lake nilikague. Nikakagua, ningefanyaje? Sandwichi na sweta. Kugeuka, nyuma yake foleni. Nimekagua mabegi ya watu, jirani, na mle ndani mwenyewe nimeingia kwa tiketi ya pauni 12. Mlinzi halisi alipotoka chooni akaniuliza zamu yangu inaisha saa ngapi.

Nikaingia foleni ya saini. Mbele yangu kijana mwenye masikio yamechongoka juu. Nikampa pole. Akasema ni ya plastiki, akaanza kunisomesha historia ambayo sikumwomba. Eti haya makongamano siyo ya jana. Eti Januari 1937, hukohuko kwao Leeds, wapenzi wa hadithi za sayansi walikutana, hawakufika hata ishirini. Kikao cha kwanza cha harusi ya binamu yangu kilikuwa na watu zaidi, na hakuna aliyetoa hela. Eti San Diego nao walianza 1970 hotelini, watu kama 300, leo wanapita laki moja. Nikahesabu vichwa vyetu. Jirani, sisi tulikuwa upande wa Leeds.

Mezani kuna bei. Saini pauni 25. Picha naye pauni 20. Kumwangalia ni bure, ila dada anayepokea hela anakukata jicho mpaka unajisikia mwizi. Yule wa masikio akaninong'oneza kwamba waigizaji wadogo wengi walilipwa ujira wao zamani zile, basi, hii meza ndiyo pensheni yao. Nikaingiwa na huruma. Nikatoa kadi. Kadi ikakataa. Nikaifuta kwenye suruali, ikakataa tena, safari hii mashine ikalia. Roboti nyuma yangu akashusha pumzi ndani ya boksi. Nikalipa kwa sarafu za kufulia nguo, moja moja, na dada anazihesabu kwa sauti.

Na huyo ndiye yeye. Mzee mpole, miwani ya kusomea, kikombe cha chai. Shavu jororo! Nikamwuliza kovu limekwenda wapi. Akasema lilikuwa la gundi. Sikupenda jibu lile. Nikamwuliza alisamehewa na rais gani. Akamtazama yule dada. Dada akatazama saa.

Nikaona muda unaniishia, nikaenda kwenye jambo lenyewe. Ile hotuba yako. Pale ukingoni mwa ghorofa, kabla hujatupwa. Unajua enzi zile mikanda ilikuwa na watafsiri, Lufufu ndiye mfalme wao, mtu anaweka sauti yake ya Kiswahili juu ya picha na kukueleza nani kamkosea nani. Wa mkanda wetu sikumjua, jalada lilishapotea, lakini ilikuwa hotuba, jirani! Adui anawageukia wenzake, mdomo umefumba, sauti inatoka: "Mwambieni mama michango ya harusi airudishe, jina kwa jina, na mjumbe asimsahau." Kibanda kizima kilinyamaza. Hata mwenye kibanda alipangusa macho.

Mzee akaweka kikombe chini. Akasema, "Kijana, kwenye filamu ile nilicheza bubu."

Uzee. Naulea kila siku kazini, naujua. Mtu anasahau mpaka kazi iliyompa ugali. Sikumlaumu, nikamkumbusha. Nikapanda kwenye kiti na suti yangu, nikaitoa hotuba yote kwa Kiswahili, na mikono, na kule kuyumba kabla ya kudondoka. Ukumbi ukapiga makofi. Wakaniuliza mimi ni wa sinema gani. Mtoto wa kijani akaomba saini yangu, nikampa bure, kizembe hivyohivyo.

Mzee akasaini haraka. Na picha yenyewe, wameitoa mlemle kwenye filamu, anadondoka ghorofani: stelingi kajaa sura nzima, mwenzangu nyayo mbili juu ya ukingo. Saini kaiweka kwenye soli ya kushoto.

Nikaituma kwenye kundi letu la WhatsApp, watoto wa kibanda. Wa kwanza: "Hivyo viatu vya nani?" Wa pili: "Mwulize mamba alimtemaje." Halafu kaka yule wa makofi, siku hizi mwalimu mkuu kabisa, akatuma sauti. Anasema huyo siye. Yule alinyongwa zamani, kila mtu anajua. Huyo atakuwa pacha wake.

Nimelala nikiwaza. Kovu hana. Msamaha wa rais haujui. Hotuba haikumbuki.

Pauni 25, jirani, nimempa pacha.